Miti Ina Umri, Watu Wana Idadi

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya, kwa barabara kuu inayounganisha Dar es Salaam na Zambia, baada ya kilomita zipatazo 80 hufika Mafinga, mji wa wilaya ya Mufindi. Mtu wa pwani hapo hukumbuka sweta. Ukungu hushuka asubuhi, na pande zote za barabara huonekana misindano, ambayo wenyeji huiita paini, imesimama safu kwa safu mithili ya askari wa gwaride. Hilo ndilo shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali katika Tanzania. Lilianza kwa majaribio mwaka 1939, likapanuliwa sana tangu miaka ya 1960 hadi ya 1980, na sehemu ya miti hiyo ilikusudiwa kulisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilichoanza kazi mwaka 1985.

Bwana miti wa Sao Hill akiulizwa habari za shamba lake, haanzi kwa kutaja jumla ya miti. Hutaja vitalu na miaka: kitalu hiki kilipandwa mwaka fulani, kile kilikatwa mwaka fulani kikapandwa upya. Anajua kwamba shamba lenye miti milioni moja ya miaka mitatu na shamba lenye miti milioni moja ya miaka ishirini na mitano ni mashamba mawili tofauti kabisa, ingawa hesabu ni moja. La kwanza halina mbao. La pili mwakani huenda likawa visiki vitupu. Anajua pia kwamba kosa la kutopanda halionekani mwaka uleule. Upandaji ulipopungua kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, msitu haukuonyesha dalili yoyote. Uliendelea kuwa mzuri wa kutazamwa. Pengo lilijidhihirisha baadaye, pale miti mikubwa ilipovunwa kwa wingi na ile ya umri wa kati ikawa haitoshi kushika nafasi yake.

Ajabu ni kwamba katika mji huohuo, kwa muda mrefu, umri wa miti ulijulikana kuliko umri wa watu walioipanda.

Lugha ya Kiswahili haikuwa na uhaba wa maneno katika jambo hili. Kuna hirimu, na kuna rika. Mtu wa zamani hakuulizwa ana miaka mingapi. Aliulizwa yeye ni hirimu ya nani. Jawabu lake lilikuwa jina la mtu mwingine, na kwa jina hilo muulizaji akajua kama huyu ni wa kuoa, wa kushauriwa, au wa kuachwa apumzike barazani. Hata neno umri, tulilolipata kwa Waarabu, mzizi wake ndio uliozaa neno la nchi kukaliwa na kujengwa. Ibn Khaldun, alipoandika Muqaddima yake mwaka 1377, aliita ustawi wa binadamu kwa neno la mzizi huo, na dola akazipimia umri kama mtu: vizazi vitatu, kila kimoja miaka arubaini. Wanahistoria wa leo hawakubaliani naye kwa kila tarakimu, lakini jicho lake lilikuwa mahali sawa. Aliuliza walio hai ni wa kizazi kipi, kabla ya kuuliza ni wangapi.

Serikali za kikoloni ziliuliza swali jingine. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, walitaka kujua nyumba. Waingereza walipohesabu watu wa Tanganyika mwaka 1921, na tena 1931, walitegemea zaidi madaftari ya kodi na makisio ya machifu na maakida. Hesabu ya kwanza ilitoa watu milioni 4 na zaidi kidogo, ya pili milioni 5. Katika hesabu za namna hiyo mwanamume alikuwa mtu mzima pale alipoonekana anaweza kulipa, na mtoto alikuwa mtoto kwa sababu hakuweza. Sensa ya mwaka 1948 ndiyo ya kwanza kufanywa kwa utaratibu wa kitaalamu, na hata hiyo, pamoja na ile ya 1957, iliwagawa watu katika makundi machache mapana ya umri, kama mtu agawaye samaki kwa pakacha bila kutazama papa ni yupi na dagaa ni yupi.

Tusiwacheke sana. Kujua umri wa mtu asiye na cheti ni kazi ngumu. Makarani wa sensa walipewa orodha ya matukio: je, ulikwisha kuzaliwa Mkwawa alipowapiga Wajerumani pale Lugalo, Agosti 1891? Je, wakati wa homa kuu iliyofuata vita vya kwanza ulikuwa unanyonya au unachunga? Baadaye orodha ikaongezewa Uhuru wa 1961, kuhamia vijijini mwaka 1974, vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Bibi kizee wa Uhehe aliyewekwa mbele ya maswali hayo alikuwa kwa kweli anasomewa historia ya nchi yake ili apatikane mwaka wake. Na pamoja na juhudi zote, katika sensa za Afrika Mashariki miaka inayoishia kwa 0 na 5 imejaa watu kupita kiasi, kwa sababu mtu asiyejua umri wake hupenda namba iliyotulia.

Ugumu huu hauko Afrika peke yake. John Graunt, muuza vitambaa wa London ambaye hakupata elimu ya chuo, alichapisha mwaka 1662 kitabu kilichotokana na orodha za vifo za mji ule. Orodha zilitaja sababu za vifo, umri hazikutaja. Graunt akayatazama maradhi yanayoua wachanga na yale yanayoua wazee, akakisia kwamba katika kila roho 100, 36 hufa kabla ya kutimiza miaka sita, na mmoja tu hufika 76. Makisio hayo hayakuwa sahihi sana. Lakini mtu yule, kwa daftari lisilokuwa na umri, alikuwa wa kwanza kuuona umati wa watu kama ngazi ambayo kila kipawa chake kina watu wachache kuliko kile cha chini yake.

Nchi ya Nyanda za Juu za Kusini ilikuwa na ngazi iliyovunjika kipawa cha katikati, na kilivunjwa kwa makusudi. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono, na Njombe, jirani wa Mufindi, ikawa miongoni mwa visima vikuu vya mikono hiyo. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU, na malori yakawa yanapakia vijana wa Kibena na wenzao kuwapeleka mbali kwa mkataba. Watu waliwaita manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Neno hilo linastahili kutuliwa kidogo. Mtu aliyeondoka kwao ana jina la baba na la ukoo, alifika shambani akiwa tarakimu. Na kijiji alichokiacha, katika daftari la bwana shauri, nacho kilikuwa tarakimu isiyobadilika sana, maana watoto walizidi kuzaliwa na wazee walikuwepo. Aliyekosekana ni yule wa kufyeka, wa kuezeka, wa kuoa.

Mufindi yenyewe ilikuwa na habari yenye pande mbili. Juu ya ukingo wa milima walowezi walikwisha kuanzisha mashamba ya chai, ambayo mengi baadaye yaliangukia mikononi mwa kampuni ya Brooke Bond. Kambi za chai zilijaa watu wenye nguvu wa miaka ishirini na thelathini, baadhi yao kutoka vijiji vya mbali. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa kuundwa mwaka 1963, Mafinga nayo ikapata kambi yake, na kambi ya jeshi la vijana, kwa maana ya jina lake, haina mtoto wala mzee. Mtakwimu akijumlisha wilaya nzima, nundu ya kambini hufukia shimo la kijijini, na mchoro wa umri hutoka laini kana kwamba hakuna kijiji kilichokuwa na upungufu. Makosa mengi ya kusoma idadi ya watu yamezaliwa na ulaini wa namna hiyo.

Chini ya ukingo huohuo wa Mufindi, ambako nchi inateremka ghafla kuelekea bonde la Kilombero, ndiko ulikofanywa uchunguzi mmoja unaostahili kukumbukwa. Katika miaka ya 1930 afisa wa kikoloni A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick walichunguza habari za uzazi wa watu wa Ulanga. Nchi ile ilipita katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na katika njaa iliyofuata, njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Walichokibaini, zaidi ya miaka 25 baada ya vita, ni kwamba njaa ile ilikuwa imepunguza uzazi wa wanawake walionusurika kwa zaidi ya robo. Waliokufa walikwisha kuliliwa. Hawa wengine, ambao hawakuzaliwa, hapakuwa na msiba wao. Wangejulikana tu na mtu atakayewatazama wanawake wa rika lile na kuhesabu watoto wao.

Basi ndivyo ilivyokuwa kabla ya balaa kubwa kuliko yote.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Barabara kuu ya Zambia, ambayo ilikuwa imekamilika katika miaka ya 1970 na kuleta maduka, nyumba za wageni na malori ya usiku, ikawa pia njia ya virusi. Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 uliwapima watu wa miaka 15 hadi 49: taifa zima kiwango cha maambukizi kilikuwa asilimia 7, Mbeya 14, Iringa 13. Katika utafiti wa 2007 na 2008 kiwango cha taifa kilishuka hadi karibu asilimia 6, na Iringa, ambayo wakati huo ilikuwa bado na Njombe ndani yake, ikapanda hadi 16, juu ya mikoa yote.

Maradhi mengi ya zamani yaliwachukua wachanga na vikongwe. Ndui, surua, malaria, njaa: yote hung'ata ncha mbili za ngazi, na jamii, kwa uchungu wote, hubaki na kiuno cha kuinukia. Haya mapya yalikata kiuno. Bila dawa, tangu kuambukizwa hadi kufa hupita kwa wastani miaka ipatayo kumi. Aliyeambukizwa akiwa na miaka 25 aliondoka akiwa na 35, ameacha watoto wadogo na mama mzazi. Katika vijiji vya Mufindi zikawa nyumba za vizazi viwili visivyogusana: bibi na mjukuu, na katikati kaburi. Bibi aliyedhani amefika umri wa kuletewa maji akaanza upya kubeba ndoo.

Tazama sasa jumla inasemaje. Mkoa wa Iringa ulikuwa na watu 1,495,333 mwaka 2002. Mwaka 2012, baada ya Njombe kuwa mkoa wake wenyewe, Iringa ilihesabiwa watu 941,238 na Njombe 702,097. Ukiijumlisha mikoa hiyo miwili wanapatikana watu 1,643,335. Wameongezeka. Mwenye kutaka faraja anaipata hapo. Lakini ongezeko hilo ni kama asilimia moja kwa mwaka, ilhali taifa zima lilikuwa likiongezeka kwa asilimia 2.7. Tofauti hiyo ina mambo zaidi ya moja ndani yake: waliokufa, waliohamia Dar es Salaam na Mbeya, na wale waliopunguza kuzaa. Jumla haiwezi kuyatenganisha. Yanatenganishwa na umri, kwa sababu kila moja linachukua watu wake katika kipawa chake: kifo hiki cha miaka 30 na 40, safari ya miaka 18 hadi 25, uzazi uliopungua katika safu ya wachanga.

Hata kiwango cha maambukizi chenyewe hakisomeki bila umri. Matibabu ya dawa za kupunguza makali yalianza kuenezwa kitaifa mwaka 2004. Mtu anayekunywa dawa hafi, na asipokufa hubaki katika hesabu ya wenye virusi. Utafiti wa 2011 na 2012 uliipa Iringa mpya asilimia 9. Ule wa 2016 na 2017 ukaipa asilimia 11. Msomaji wa haraka husema hali imeharibika. Huenda; na huenda pia wenye virusi wamezeeka kwa amani, nao ni watu wa miaka 45 waliokuwa wazikwe wakiwa na 35. Tarakimu moja hubeba msiba na habari njema kwa uzito uleule, na anayeweza kuzipambanua ni yule aliyeuliza ni wa miaka mingapi.

Wataalamu wa wanyama walilifahamu jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1945 Patrick Leslie, aliyekuwa akifanya kazi Oxford katika ofisi iliyochunguza idadi za wanyama, alionyesha kwa hesabu kwamba hatima ya kundi la panya haimo katika wingi wao. Imo katika mambo mawili kwa kila umri: ni wangapi watavuka kufika umri unaofuata, na kila jike wa umri huo anazaa wangapi. Ukiyajua hayo unaweza kulipeleka kundi mbele miaka mingi kwenye karatasi. Lakini panya ni kiumbe wa miezi. Hekima hiyo hupata uzito wake kwa ndovu, mnyama ambaye hubeba mimba miezi 22, hukaa miaka minne au mitano kabla ya kuzaa tena, na akiachwa huishi hadi miaka sitini.

Magharibi mwa Iringa, katika hifadhi ya Ruaha, ndovu ndio jirani wakubwa. Baina ya 2009 na 2014 idadi ya ndovu wa Tanzania ilishuka kutoka 109,051 hadi 43,330. Dunia ilishtushwa na tarakimu hizo, na ilikuwa haki yake. Ila jangili hachagui ovyo. Hutafuta pembe kubwa, na pembe hukua maisha yote ya mnyama. Kwa hiyo risasi hutangulia kwa wazee. Mwaka 2018 kundi la watafiti, baadhi yao wakiwa wa mradi wa ndovu wenye makao yake Iringa, walichapisha kazi iliyolinganisha ndovu wa maeneo mbalimbali ya Tanzania kwa umri wao. Walionyesha kuwa hata bila ndege ya kuhesabia, mtu anayetazama kundi kutoka ardhini, akaona ndama ni wangapi, wazee wamebaki wangapi, na madume ni wangapi kwa majike, anaweza kutambua kama nchi ile imepitiwa na ujangili.

Na mzee akiondoka kwa ndovu, nini huondoka naye? Jawabu lilipatikana Tarangire. Mwaka 1993 ukame mkali uliikumba hifadhi ile, na katika miezi tisa walikufa ndama 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa. Makundi yaliyotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho yalipoteza ndama wachache kuliko yaliyobaki. Watafiti waliochapisha habari hizo mwaka 2008 waliona kwamba makundi yaliyotoka yalikuwa na majike wenye umri wa kutosha kuwa waliupitia ukame wa mwaka 1958 hadi 1961. Kundi lililobaki lilikuwa limeporwa wazee wake na majangili wa miaka ya 1970 na 1980. Halikuwa na wa kukumbuka njia. Ndama wale walikufa kwa kiu, lakini risasi iliyowaua ilikwisha kufyatuliwa kabla hawajazaliwa.

Binadamu wa Mafinga na ndovu wa Ruaha wamepigwa katika vipawa tofauti. Ndovu walinyang'anywa wazee. Watu walinyang'anywa wa makamo, na wazee wakabaki kushika nyumba. Lakini umri hausimami. Shimo katika ngazi hupanda pamoja na miaka, kipawa hadi kipawa, kama vile kiraka cha miti isiyopandwa kinavyopita kutoka miche hadi mbao bila kujazika. Waliozaliwa kati ya 1960 na 1975, ambao ndio hasa waliopukutika katika miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, walipobishiwa hodi na karani wa sensa ya Agosti 2022 wangekuwa na miaka 47 hadi 62. Huo ni umri wa kuwa babu na bibi. Yatima wa wakati ule sasa ni wazazi wa miaka thelathini na arubaini. Mabibi waliowalea wengi wao wamekwisha kuzikwa. Mkoa wa Iringa ulihesabiwa watu 1,192,728 mwaka huo, wengi kuliko wakati wowote tangu kugawanywa, na karibu asilimia 43 ya Watanzania wote walikuwa chini ya miaka 15. Mtoto wa Mufindi anayezaliwa leo ana mama, ana baba, ana jina katika rejista na tarehe iliyoandikwa. Akiugua usiku, mama yake akataka kumpeleka kwa bibi kama yeye mwenyewe alivyopelekwa, nyumba ya bibi ina kizingiti, ina mlango, na huenda haina mtu.